Inalipulia Wapi

Evelio Sotolongo alipomwona Luteni Migdalia Urquiola amesimama nje ya geti lake la bati, alitaka kulifunga. Luteni akatanguliza mguu. Nyuma yake alikuja konstebo Dagoberto, jasho likimchuruzika mpaka kwenye mkanda, akiisukuma pikipiki ya Arsenio Oquendo kwa mikono. Alikuwa ameitoa kituoni vivyo hivyo, kwa kuisukuma, kwa sababu kituo kizima hakikuwa na askari aliyethubutu kuiwasha.

"Takataka ya muuaji usiniingizie humu," alisema Evelio.

"Nimeshaiingiza."

Ndani ya ua, chini ya kivuli cha mabati, wanaume watatu walikuwa wanakula wali na maharage meusi kwenye sahani za aluminiamu. Mmoja alikuwa Rigo Camejo, mchomeleaji, mtu mnene mwenye makovu ya cheche mikononi. Wale wawili walikuwa wenzake wa chama cha pikipiki kongwe. Hakuna aliyemkaribisha Luteni wala kumsogezea kiti. Mmoja alinyanyuka, akaenda kulifunga geti nyuma yao, akarudi kwenye sahani yake.

"Saa saba na robo," Luteni alisema, akiangalia saa. "Saa kumi na moja jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishaondoka pale, Arsenio anashtakiwa kwa mauaji. Ana miaka hamsini na minane, na akifungwa atafia ndani. Kwa hiyo msinipotezee muda."

"Afie," alisema Evelio. "Lolo alikuwa baba yetu."

Lolo Bacallao alikuwa fundi wa pikipiki wa miaka sabini na moja. Jumanne mchana, ndani ya karakana yake chini ya mteremko wa San Gabriel, mtu alimpiga risasi ya bunduki ya kuwindia kifuani. Hakuna aliyeona. Lakini karibu mtaa mzima ulisikia. Walisikia pikipiki ya Arsenio ikishuka mteremko huku inalipua kama kawaida yake, ikafika chini, ikazimwa, kisha ikaondoka. Ndivyo watu wa Matanzas walivyo. Pikipiki kubwa za Kimarekani zinazotembea bado ni sita tu mjini, za kabla ya mapinduzi, na kila moja imeshatiwa vipuri vya trekta, vya friji na vya gari la Kirusi mpaka ikapata sauti yake peke yake. Mtu akiwa mezani akasikia mngurumo, anataja jina la mwenyewe na kuendelea kutafuna. Hahangaiki kwenda dirishani.

Luteni Migdalia hakuwa tofauti na watu wengine. Jumanne hiyo alikuwa kwa mama yake, katikati ya mteremko, ana kijiko mkononi, na alisema kwa kinywa chake: "Arsenio huyo anapita." Ushahidi namba moja ndani ya jalada ulikuwa wake, umeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na sahihi chini. Jambo hilo lilimkera tangu asubuhi na hakuweza kusema kwa nini.

"Iwashe," alimwambia Evelio.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu naambiwa baada ya Lolo, sikio la kwanza hapa mjini ni lako. Kama nimedanganywa, sema, nimtafute mwingine."

Hapo alimshika pabaya. Evelio alifuta mikono kwenye suruali, akapanda, akapiga kiki. Mara ya tatu ingini ikashika. Alipovuta resi, ikalipua, na njiwa wa jirani wakaruka wote juu ya paa.

"Umesikia?" alisema, akaizima. "Huyo ndiye muuaji wako. Nenda kaandike."

"Imelipulia wapi?"

"Unasemaje?"

"Imelipulia wapi. Mbele au nyuma."

Evelio aliwageukia wenzake. "Jamani, afande kaja kusomea ufundi."

Walicheka, wote isipokuwa Rigo, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Arsenio amefungua mdomo mara moja tu kwa siku mbili," alisema Luteni. "Tulipomwambia mtaa mzima umemsikia, alijibu: sikilizeni inalipulia wapi. Basi. Mimi ufundi sijui. Wewe unajua. Inalipulia wapi?"

"Sikiliza, nikufundishe bure." Evelio alichuchumaa, akagonga kwa spana pale bomba la eksozi linapotoka kwenye silinda ya nyuma. "Hapa pana upenyo. Ukishuka mteremko, ukafunga resi, bomba linavuta hewa ya nje kupitia hapa. Mle ndani kuna petroli ambayo haijaungua. Hewa ikikutana nayo kwenye chuma cha moto, inalipuka. Ndiyo ugonjwa wa hii pikipiki tangu mwaka juzi. Lolo ameuziba mara nne, kashindwa mara nne. Ndiyo maana Krismasi walitukanana mbele ya watu, na huyo Arsenio wako akaapa atamzika mzee na spana zake. Umeelewa, au nichore?"

"Fungua nione huo upenyo."

"Wa nini?"

"Fungua."

Alifungua kwa hasira, boliti mbili, akivuta pumzi puani kwa sauti. Kwanza alitoa plagi, akaitazama kidogo tu na kuitupa juu ya tambara. Luteni aliiokota. Ncha yake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hii nyeupe maana yake nini?"

"Hewa nyingi kuliko petroli," Rigo alijibu kutoka kule alikokaa, kabla Evelio hajafungua mdomo.

"Wewe kula," Evelio alimwambia.

Boliti ya pili ilipotoka, bomba lilishuka kidogo. Evelio alitia kidole mahali palipotakiwa kuwa na masizi na tambara lililoungua, na kidole hakikutoka cheusi. Pale ndani palikuwa na pete mpya ya shaba, imekaa sawasawa, inang'aa. Aliisugua tena kwa kidole gumba. Luteni, aliyekuwa amesimama juu yake, aliona shingo yake ikibadilika rangi.

"Hiyo Lolo aliiweka Jumamosi," alisema Rigo.

"Jumamosi ipi?" aliuliza Evelio.

"Hii iliyopita. Sote tulikuwa kwake. Wewe ulikuwa Varadero na watalii wako."

Luteni alitoa daftari lake. "Sote nani?"

"Wenye pikipiki. Watano. Na Lolo mwenyewe." Rigo aliweka sahani chini. "Kakata hiyo pete kwenye bomba la friji, kaichonga kwa tupa saa mbili nzima. Tukaipeleka mteremkoni, ikashuka kimya. Arsenio alitaka kulia."

"Na mbona hukuniambia?" aliuliza Luteni.

"Uliniuliza? Mlikuja Jumanne mkauliza nani kasikia pikipiki ya Arsenio. Nilisikia, nikasema nimesikia. Mimi na polisi hatuna mazungumzo zaidi ya kile tunachoulizwa."

Lilikuwa jibu la kuudhi, na kibaya zaidi lilikuwa la haki. Luteni aliliandika jinsi lilivyo.

"Sasa kama upenyo umezibwa," alisema, "hii niliyoisikia sasa hivi ni nini?"

Evelio alikuwa ameshaanza kurudisha boliti. "Inalipua, inatosha. Mbele, nyuma, mlipuko ni mlipuko."

"Rigo, chukua hiyo spana."

Rigo alinyanyuka polepole, akainyoosha mikono yake minene, akaitoa spana mkononi mwa Evelio. Alikaza bomba na pete yake ileile, akarudisha plagi. Kisha akaenda kwenye karai la kufulia, akajaza maji ya sabuni kwenye chupa ya siki, akatoboa kifuniko. Aliwasha ingini na kuiacha ingurume taratibu. Akaanza kurusha maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na bomba la kuvutia hewa, tone kwa tone, sikio karibu na chuma. Upande wa kushoto hakuna kitu. Upande wa kulia, povu lilinyonywa ndani, na ingini ikabadilisha sauti papo hapo.

"Hapa," alisema. "Inavuta hewa hapa. Ukifungua resi, petroli inakuwa kidogo, inaungua kwa kuchelewa, moto unarudi nyuma mpaka kwenye kabureta. Inakohoa mbele. Si kwenye eksozi. Sogea uone."

Luteni alisogea. Kati ya vyuma viwili palichungulia ukingo wa gasketi, si karatasi wala mpira. Ulikuwa wa plastiki ya rangi ya moshi, umejikunja kwa joto.

"Eksirei," alisema Rigo. "Gasketi ya kabureta ilikuwa imekwisha, na mpya Jumamosi mchana utaipata wapi? Mzee akaingia ndani, akatoka na picha ya kifua chake mwenyewe, akaikata kwa mkasi. Hiyo mistari myeupe ni ubavu wake. Akasema, 'Arsenio, umenitukana miaka miwili, sasa utatembea na ubavu wangu.' Arsenio akambusu kipara. Walikwishapatana, Luteni. Eksirei haivumilii joto, sote tunajua, na jioni ileile sote tuliisikia inaanza kukohoa mbele ikipanda, lakini nani angemkatalia?"

Wale wawili kwenye kivuli walikuwa wameacha kula. Mmoja alivua kofia. Luteni mwenyewe alijikuta bado anaitazama ile mistari myeupe, akajikasirikia, maana hakuja pale kuhuzunika.

"Tunakwenda mteremkoni," alisema. "Rigo ataendesha. Evelio, na wewe twende, sikio lako nalihitaji."

"Sina muda."

"Dagoberto, mshike mkono mwenzako asijikwae."

Mteremko wa San Gabriel ulikuwa kona ya pili. Rigo aliupanda akitokea chini, na kila alipoongeza resi pikipiki ilikohoa mbele, kikohozi kikavu, chenye cheche ndogo ya buluu miguuni pake. Alipofika juu akageuza, akafunga resi, akashuka. Hakuna kitu. Ilishuka ikinguruma kwa adabu mbele ya nyumba ya mama yake Luteni, mbele ya kinyozi, mpaka kwenye mlango wa Lolo uliofungwa kwa kamba ya polisi. Alirudia mara ya pili, kisha ya tatu. Safari zote tatu ilikohoa ikipanda na kunyamaza ikishuka.

Kinyozi, Nivaldo, mtu mwembamba mwenye miwani ya kamba, alitoka na wembe mkononi, akamwacha mteja na povu usoni.

"Nyinyi vipi? Mbona leo hailipui?"

"Jumanne ililipua?" aliuliza Luteni.

"Si na wewe ulisikia? Ilishuka inapiga mizinga. Minne."

"Minne tu? Kwenye maelezo yako umesema mitano."

"Minne ikishuka. Wa tano ulikuja baadaye, pikipiki imeshazimwa."

"Pikipiki ikizimwa inalipuaje, Nivaldo?"

Kinyozi alifungua mdomo ajibu, kisha akaelewa kwamba kwa siku mbili alikuwa ameubeba mlio wa bunduki. Mkono wenye wembe ukashuka. "Hailipui," alisema. Akavua miwani, akarudi ndani.

Waliporudi uani ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Luteni hakukaa. Alizungumza akitembea, mikono nyuma, kama anavyofanya kituoni anapotaka konstebo wake waamke.

"Tuliyemsikia Jumanne hakuwa Arsenio. Arsenio tangu Jumamosi analipulia mbele, akipanda. Sisi tulisikia nyuma, ikishuka. Alikuwa mtu anayemwigiza Arsenio, na alimwigiza Arsenio wa zamani. Rigo, pikipiki nzima inaweza kulipua kwa makusudi?"

"Watoto wa shule wanajua. Unashuka na gia, unazima swichi, resi wazi. Petroli mbichi inajaa kwenye silensa. Unawasha swichi. Mzinga."

"Kwa pikipiki ndogo?"

"Hiyo haina kifua. Mteremko mzima usingedanganyika. Lazima moja ya zile sita."

"Sita. Moja ni ya Arsenio. Wanne wengine Jumamosi walikuwa kwa Lolo, wakasikia kwa masikio yao kwamba ugonjwa umehama. Hakuna hata mmoja wao ambaye angekosea namna hiyo."

Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Haikuhitajika.

"Huo ni upuuzi," alisema Evelio. "Labda lori la gesi. Lori la gesi linalipua kila siku, nendeni mkaliulize."

"Lori la gesi halijaleta gesi mtaani kwetu tangu mwezi uliopita," alisema mmoja wa wale wawili. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza.

"Pikipiki yako iko wapi?" aliuliza Luteni.

"Ni mbovu."

"Sijakuuliza afya yake."

Ilikuwa kwenye kona, chini ya turubai. Dagoberto alilivuta. Pikipiki ilikuwa safi kupita zote mjini, rangi ya krimu, vishikio virefu vilivyotengenezwa kwa bomba la maji. Luteni alipiga magoti upande wa eksozi. Silensa ilikuwa imepasuka kwenye mshono, ufa wa urefu wa shubiri, kingo zimetokeza nje, na chuma ndani ya ufa bado hakijashika kutu.

"Hii imepasukaje?"

"Uzee."

"Uzee unatoboa," alisema Rigo. "Haupasui hivyo. Huo ni mzinga wa ndani." Alikuwa amesimama nyuma ya Luteni, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jana asubuhi ulikuja kwangu. Ukasema nikuchomelee silensa haraka, nisiulize. Nikakwambia fito za kuchomelea zimeisha, mpaka wiki ijayo. Evelio, ningekuwa nazo ningekuchomelea. Unajua hilo? Ningekuchomelea, halafu nikaenda kumzika mzee."

"Silensa haiui mtu," alisema Evelio.

"Haiui," alisema Luteni. "Jumatatu Lolo alikuja kituoni. Aliniambia moja ya zile ingini sita imeuzwa kwa mgeni, imetoka nchini, na nyingine imewekwa mahali pake na kugongwa namba ya uongo. Kisheria hizo ni mali ya urithi wa nchi, haziuzwi nje. Hakutaka kunitajia jina mpaka aangalie kwa macho. Alisema atamwita mhusika kwanza, ajieleze, kwa sababu ni kama mwanawe." Alipangusa vumbi kwenye ubavu wa ingini kwa kidole gumba. Namba zilikuwa pale, na chini yake chuma kilikuwa kimesuguliwa kwa tupa. Alama za tupa zilionekana bado. "Nilidhani anamsema Arsenio. Nilikosea, na nilikosea kwa uvivu."

Evelio alitazama geti. Wale wawili walikuwa wameshasimama mbele yake, bega kwa bega, na hawakuwa wamesimama pale kwa ajili ya polisi.

"Chuma tu," alisema Evelio. "Ingini ni chuma. Yule mzee aliifanya mtakatifu. Nimekaa miaka ishirini nikiwapakia watalii mgongoni, nikiwachekea, na mtu mmoja anakuja na ofa ya kunitoa hapa, halafu mzee anataka nisimame mbele ya chama niombe radhi. Niombe radhi kwa chuma."

"Bunduki iko wapi?"

Jicho la Evelio lilikwenda kwenye tangi la maji juu ya paa, na Dagoberto, ambaye kwa kawaida hakuwa mwepesi wa kuona mambo, aliliona. Alipanda ngazi, akashuka na bunduki ya kuwindia. Rigo alimsogelea Evelio karibu sana, Luteni akaingia katikati yao na pingu.

"Usimguse," alimwambia Rigo.

"Nilitaka anitazame tu," alisema Rigo. Evelio hakumtazama.

Saa kumi na nusu Luteni alikuwa mezani kwake. Alilitoa jalada, akatafuta ushahidi namba moja, akapiga mstari juu ya kila sentensi kwa rula, moja baada ya nyingine, akaandika pembeni: *Sikumwona mtu yeyote.* Akasaini upya. Meja, mkuu wa kituo, alipousoma, alimpa funguo za mahabusu.

Arsenio Oquendo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha saruji. Alirudishiwa mkanda wake na kamba za viatu, na alizifunga bila haraka, kiatu kimoja, kisha kingine. Luteni alimweleza yote, kuanzia pete ya shaba mpaka tangi la maji. Jina la Evelio lilipotajwa, mikono ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Uko huru," alimaliza. "Nilikosea. Naomba radhi."

"Nilikwambia msikilize inalipulia wapi."

"Uliniambia."

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza, ndiyo. Gari la kituo litakupeleka nyumbani."

"Gari lenu sitaki. Watu wakiniona kwenye gari la polisi watasema nahamishiwa gerezani." Alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Luteni alivyomkumbuka, na alikuwa na hasira ambayo haikuhitaji sauti. "Jana mke wangu kaenda kupanga foleni ya mkate. Foleni nzima ikampa mgongo. Watu tuliozeeka nao. Hukuwafikiria hao ulipokuwa unaandika, eh? Mji huu umenihukumu kwa masikio, afande, na wa kwanza ulikuwa wewe. Kwa hiyo nitatembea kwa miguu, na wewe utatembea na mimi, na hayo magwanda yako, bila pingu, mpaka mlangoni kwangu. Safari hii watatumia macho."

Dagoberto, mlangoni, alikohoa kidogo na kutazama kando. Luteni alichukua kofia yake mezani, akaivaa, akainyoosha.

"Tupite njia gani?" aliuliza.

"Ile ndefu," alisema Arsenio.